Kwa nini mzee ana kilo zilezile za ujanani ila gunia halibebi tena?

Je, wajua mtu anaweza kukaa na kilo 70 toka ana miaka 30 mpaka anafika 70, mizani haijasogea, kumbe ndani ya paja mambo yashabadilika kabisa? Umeshaona buchani ile nyama yenye vimistari vyeupe katikati, sio mafuta ya juu, yale yaliyojichora humohumo ndani? Basi paja la mzee likipigwa picha ya skani linaonekana hivyo, mafuta yamejipenyeza katikati ya nyuzi za msuli.

Mtaani tunasema misuli imegeuka mafuta. Haigeuki bana. Kinachotokea ni kwamba nyuzi zinakonda na nyingine zinakufa sababu neva za kuziamrisha nazo zinapungua, na zinazotangulia kukonda ni zile za nguvu za ghafla, ndo maana mzee akijikwaa hawahi kujishika. Sasa humo kati ya nyuzi kuna seli flani hivi, wanasayansi walizitambua mwaka 2010, kazi yake kusaidia ukarabati msuli ukiumia, msuli ukiwa mzima na unatumika zimetulia zake, ila uzee ukiingia na ukarabati ukizorota au mtu akikaa tu kitako miezi na miezi, zenyewe ndo zinageuka seli za mafuta. Fundi wa nyumba kageuka mpangaji, yani.

Marekani waliwafuatilia wazee wa miaka 70 hadi 79 wa Pittsburgh na Memphis, wakakuta nguvu za miguu zinapungua kama mara 3 kuliko msuli wenyewe unavyopungua, na hata walioongezeka uzito nguvu zilishuka vilevile. Kwa hiyo kunenepa uzeeni sio afya kama shangazi zetu wanavyosifia.

Ila usiyalaumu mafuta yote, wakimbiaji wa marathoni nao wanayo mengi tu, tena ndani kabisa ya nyuzi, tofauti wao wanayachoma kila siku na insulini yao, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, inafanya kazi vizuri.

Na uzee sio kwamba umeshafunga mlango. Mwaka 1990 huko Boston waliwachukua wazee 10 dhaifu wa kama miaka 90, wakawanyanyulisha vyuma kwa miguu wiki 8, mmoja akaishia njiani, waliobaki nguvu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaacha mkongojo.