Je, wajua kwa nini kompyuta yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 inaweza kudai kumbukumbu imeisha?

Mhariri wa video za harusi pale Kamalondo, Lubumbashi, ananunua RAM na kufikisha GB 8. Programu ya kuhariri inakatika palepale ilipokatika jana. RAM ni nzima. Windows yake ndiyo ya biti 32.

Kila baiti ya RAM ina namba yake, kama kiwanja kwenye avenue. Windows ya biti 32 huandika namba hiyo kwa biti (tarakimu za 0 na 1) 32, na hizo zinatosha namba 4,294,967,296 tu, yaani GB 4. Kadi ya video na vifaa vingine navyo hudai namba humohumo, kwa hiyo zinazobaki kwa RAM mara nyingi ni kati ya GB 3 na 3.5.

Linalowaumiza wengi zaidi ni hili: kwenye Windows hiyo kila programu hupewa GB 2 za namba, nusu nyingine inashikwa na mfumo wenyewe. Ikizimaliza inaanguka, hata kama RAM bado ina nafasi. Kuongeza faili ya diski inayosaidia RAM (pagefile) hakusaidii, kwani kilichoisha ni namba.

Ipo njia ya muda. Fungua Invite de commandes kama administrateur, andika bcdedit /set increaseuserva 3072, washa upya. Programu iliyotengenezwa kukubali hilo itafika GB 3. Mfumo utabaki na GB 1, na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya video ikianza kusumbua, rudisha kwa bcdedit /deletevalue increaseuserva.

Dawa yenyewe ni biti 64. Kwenye Windows 10 fungua Paramètres, Système, kisha penye maelezo ya mashine. Ukisoma «Système d'exploitation 32 bits, processeur x64», mashine inaweza. Lakini huwezi kupandisha juu ya ile ya zamani: hamisha kazi zote kwenye diski ya nje, tafuta draiva za biti 64 mapema (printa kuukuu ndizo hukwama), kisha ingiza Windows upya. Windows 7 Familiale Premium ya biti 64 hufika GB 16, Windows 10 Famille GB 128.

Programu nayo iwe ya biti 64. Adobe Premiere Pro, ya kuhariri video, ni hivyo tangu toleo la CS5 la 2010. CS4 ya kabla yake itabaki na mipaka yake hata juu ya mfumo mpya.

Mwenye RAM ya GB 2 asihangaike kwanza: kwenye biti 64 kila anwani (ile namba ya baiti) huchukua baiti 8 badala ya 4, hivyo kazi ileile itakula zaidi. Aanze na RAM.