Mbuzi na feza haziwezi kumaliza kesi ya ubakaji

Mama moja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alikuja ku biro yetu na saketi ya plastiki mukononi. Ndani mulikuwa nguo ya binti yake ya miaka 15, imefuliwa na sabuni, imekauka, imekunjwa muzuri. Alifua juu ya haya. Na familia ya kijana mwenye alibaka binti walikuwa wamekwisha leta mbuzi na feza, chef moja wa kartye akaandika karatasi, baba mukubwa wa mutoto akatia sinyatire, basi bote bakasema mambo imeisha.

Haijaisha. Karatasi ile haifungi kesi hata kidogo. Tangu tarehe 20 Julai 2006 Kongo iko na sheria mbili juu ya mambo hii, moja (06/018) ilibadilisha kodi penali, ni kitabu cha sheria za azabu, ubakaji ni jela miaka 5 mpaka 20 na amande (feza ya azabu) juu yake, ingine (06/019) inasema kesi isilale ku parke, ni biro ya mushitaki wa serikali, uchunguzi umalizike mu mwezi 1, na hukumu itoke mu miezi 3. Na ile ya kulipa amande ku polisi ao ku parke ili dosie ifungwe, sheria imekataza kabisa kwa kesi za namna hii. Kwa hiyo OPJ (polisi mwenye anafanya uchunguzi) akikuambia "mulipe tu, tumalize", hana ruhusa hiyo, muende ku parke.

Tena nasikia sana "lakini binti alikubali". Mwenye hajafikisha miaka 18, sheria haiangalie kama alikubali, inahesabu ni ubakaji. Bangine banamuozesha kwa yule kijana, eti ni kuficha haya! Kodi ya familia (kitabu cha sheria za familia) yenye ilirudiliwa mu 2016 inasema ndoa ni miaka 18, kijana na binti sawasawa, na muzazi mwenye analazimisha anaweza kwenda jela.

Stratejia ya taifa ya kupiganisha jeuri juu ya bamama, ya 2009, yenye ilirudiliwa mu 2020, inaweka matunzo ya mwili, ya roho, na sheria pamoja. Lakini mimi naomba mushike kitu kimoja mbele ya yote: kimbieni hospitali, polisi mutaenda kisha. Dawa za kuzuia SIDA zinafanya kazi kama zimeanzwa mbele ya masaa 72, na kila saa inahesabika, za kuzuia mimba mpaka siku 5. Asioge kwanza, nguo musifue, muitie mu karatasi ao mu envelopu, maana mu plastiki inabakia na maji maji, alama zinaoza. Na kama masaa ilishapita, ao ameshaoga, mukuje tu, munganga bado iko na kazi ya kufanya.

Yule mama tulimutuma kwa munganga na binti yake siku ileile. Nguo aliacha kwa dosie, na karatasi ya chef pia, juu iko na majina ya bote benye balitaka kununua kimya ya mutoto.