Je, wajua kwa nini soda nyingi za Uingereza zilipungua sukari kabla kodi ya vinywaji vyenye sukari haijaanza kutozwa?

Kopo la Coca-Cola la mililita 330 lina gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Chai ya vijiko tisa ungemrudishia aliyeipika. Soda, kwa kuwa ni ya baridi na ina gesi, inateremka tu, tena haishibishi. Saa ya chakula ikifika unakula vilevile. Ndiyo maana wanaopambana na unene wa kupindukia huianza hiyo.

Meksiko ilimbana mnywaji. Januari 2014 iliweka kodi ya peso 1 kwa lita, bei zikapanda kama asilimia 10, na watu wakapunguza kununua.

Waingereza wao walimbana mwenye kiwanda. Machi 2016 Waziri wa Fedha, George Osborne, alitangaza kodi ya ngazi: kinywaji chenye sukari chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hakingelipa kitu, kuanzia 5 kingelipa peni 18 kwa lita, kuanzia 8, peni 24. Ila makusanyo yangeanza Aprili 2018. Ujanja wote ulikuwa kwenye hiyo miaka miwili ya kusubiri.

Chukua Irn-Bru, soda ya rangi ya chungwa ambayo Waskoti hawataki mchezo nayo. Januari 2018 ilishushwa kutoka gramu 10.3 hadi 4.7. Itazame hiyo 4.7: imechuchumaa chini kidogo tu ya mstari! Wapenzi wake walinuna, wengine wakajaza makopo ya zamani nyumbani. Lucozade na Ribena nazo zilibadilishwa. Coca-Cola ya kawaida ikabaki ilivyo, ikalipa. Hazina, iliyotarajia pauni milioni 520 kwa mwaka, ikashusha makadirio hadi kama milioni 240. Kwa kodi ya aina hii, nadhani upungufu huo ni habari njema.

Wapinzani husema maskini ndiye anayeumia, na kwamba juisi halisi ya matunda imesamehewa ingawa nayo ina sukari tele. Hilo la juisi wana haki kulisema. Na unene wenyewe? Utafiti wa Cambridge wa 2023 ulikuta unene wa kupindukia kwa wasichana wa miaka 10 na 11 umepungua kwa asilimia 8 ukilinganisha na ambavyo ungekuwa. Kwa wavulana, hakuna badiliko.

Waliolilia ladha ya zamani waliletewa Irn-Bru 1901 mwaka 2019, sukari yake kamili, kodi yake juu.