Kuchua kovu baada ya upasuaji wa saratani ya titi: maswali na majibu

Jeraha limepona. Mbona bega na kifua bado vimekaza?

Ngozi hufunga mapema kuliko kilicho chini yake. Kovu linapojijenga hushikana na msuli wa kifua, na ngozi haitelezi tena juu yake. Halafu kuna woga: mgonjwa anaubana mkono ubavuni siku nzima, mabega yanainama mbele, msuli unazidi kufupika. Kama tezi za kwapani zilitolewa, mishipa midogo ya fahamu iliguswa pia, ndiyo maana upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, huwa na ganzi au huchoma.

Wengine wiki chache baadaye huona kitu kama kamba nyembamba chini ya ngozi, kutoka kwapani kuelekea kiwiko, kinachotokeza wakiinua mkono kama mtu anayeshika bomba la daladala. Kamba hiyo kwa kawaida si saratani iliyorudi. Hudhaniwa kuwa ni mishipa ya limfu (majimaji ya mwili yanayopitia kwenye tezi) iliyokaza, na hulegea kwa kunyooshwa taratibu. Mwonyeshe daktari, ila usikubali mtu aivute ili "aikate".

Nianze lini kuchua?

Jeraha liwe limefunga kabisa: hakuna gaga, hakuna majimaji, mrija wa kutoa majimaji ya jeraha umeshatolewa. Kwa wengi ni kati ya wiki 3 na 6, baada ya daktari wa upasuaji kuridhia. Ukiwa kwenye mionzi, usiguse sehemu inayochomwa mpaka ngozi itulie.

Nafanyaje?

Baada ya kuoga, kaa umeegemea, mkono ukiwa juu ya mto. Kucha ziwe fupi. Mafuta ya nazi yasiyo na manukato, matone machache tu. Wengi hukosea hapa: mafuta yakizidi, vidole vinateleza juu ya ngozi badala ya kuisogeza, na unaishia kujipaka tu.

Weka ncha za vidole viwili kando ya kovu, bonyeza mpaka kucha ianze kubadilika kuwa nyeupe, kisha isogeze ngozi yenyewe: miduara midogo, halafu juu na chini, halafu kushoto na kulia. Kaa sehemu moja kama nusu dakika ndipo uhamie nyingine. Anza palipo laini, kovu lenyewe baadaye. Dakika 5 hadi 10, mara 2 kwa siku. Usikie mvuto, si maumivu. Pakiuma mpaka kesho yake, ulibonyeza sana. Penye ganzi tumia kioo, maana hapo macho ndiyo yatakayokuambia.

Ukimaliza, papo hapo simama uso kwa ukuta, pandisha vidole polepole mpaka usikie mvuto, tia alama ya chaki, pumua mara 5, shuka. Rudia mara 5. Ukichua bila kunyoosha, kesho asubuhi utaanza palepale.

Bibi anataka kunikanda kwa maji ya moto kama mzazi. Nimkubalie?

Nia yake njema, lakini hapana. Ngozi yenye ganzi haitakwambia kuwa taulo linaunguza. Isitoshe, joto kali na kusugua kwa nguvu huongeza majimaji mkononi wakati njia za limfu zimepungua, mkono ukavimba. Hijama na kuchanja chale mkono huo pia hapana, kwani kila tundu kwenye ngozi ni mlango wa vijidudu. Akitaka kusaidia, akuchue miguu, au shingo na mgongo upande usiopasuliwa, kwa mkono mwepesi.

Na mchuaji wa saluni?

Mweleze kabla hujalala kitandani: upande uliopasuliwa, kama tezi zilitolewa, kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama saratani imefika kwenye mifupa. Usilale kifudifudi. Masaji ya kuondoa limfu ni nyepesi mno, husogeza ngozi tu. Anayekuminya mkono mpaka unauma hafanyi hiyo.

Kuchua hakusambazi saratani?

Hakuna ushahidi kuwa kunasambaza. Lakini uvimbe mpya, kwenye kovu au kwapani, usiuchue, ukachunguzwe.

Niache lini na kwenda hospitali?

Wekundu unaoenea, joto au homa: siku hiyohiyo, maana maambukizi kwenye mkono usio na tezi hukimbia haraka. Mkono ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda. Usiuchue, nenda mara moja. Uvimbe wa polepole hujionyesha kwa pete kubana au mkono wa blauzi kukataa kupita.

Kwa Dar es Salaam, rudi ulikopasuliwa au kliniki yako ya Ocean Road, hospitali ya saratani, uombe kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nenda umevaa blauzi ya vifungo mbele, na taja lini hasa ulipasuliwa na lini mrija ulitolewa.