"Ataniua": neno ambalo sheria ya Uganda hulisikiliza

Dada mmoja anayeuza mukene (dagaa) sokoni Busia alifika ofisini kwetu na daftari la mwanawe mkononi. (Nimebadilisha mambo madogomadogo ili asijulikane.) Aliuliza swali moja tu: kama mume hajawahi kumpiga, je, ana haki ya kulalamika?

Nilimwomba anieleze siku yake inavyokwenda. Kila jioni, kabla ya kupakua chakula, humkabidhi mume simu. Mume husoma ujumbe wote, hupiga namba asizozijua, kisha huangalia salio la pesa za simu na kulihamishia kwake. Akichelewa sokoni huulizwa amebebwa na bodaboda ya nani. Kwao Tororo hajakanyaga tangu Pasaka ya mwaka juzi. Na mara tatu, watoto wakiwa wamelala, ameambiwa kwa sauti ya chini kabisa: "Ukitoka hapa, utatoka ukiwa maiti."

Jibu langu lilikuwa ndiyo, ana haki, na hahitaji kusubiri kofi la kwanza. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 haiishii kwenye kipigo. Inataja ukatili wa kiuchumi, matusi na vitisho vinavyorudiwa, na wivu wa kummiliki mtu unaorudiwa hadi kuvamia faragha, uhuru au usalama wake. Uingereza ilifanya udhibiti wa namna hii kuwa kosa linalojitegemea mwaka 2015. Sisi hatuna kosa lenye jina hilo, lakini jambo lenyewe limo katika sheria yetu, na hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi kwa sababu yake. Amri hiyo inaweza kumzuia mtu kumkaribia mwenzake, kumpigia simu au kuingia anapoishi. Akiikiuka, ametenda kosa. Tena, kutishia kumdhuru mtu ni kosa chini ya Sheria ya Kanuni za Adhabu, hata kama hakuna aliyeguswa.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuolewa wamepitia ukatili wa mwenzi, wa mwili, wa kingono au wa kihisia. Wengi wao hawatauawa. Ila zipo dalili ambazo mimi nikizisikia huacha kalamu na kuanza kupanga mwanamke atalala wapi usiku huo. Ya kwanza ni kukabwa koo. Mara nyingi hakuachi alama, na kwa hiyo mwanamke mwenyewe hulisema kwa kupitia, "alinishika hapa kidogo." Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake, uwezekano wa kuja kuuawa naye ulikuwa takriban mara saba zaidi. Dalili ya pili ni kutangaza kuondoka, au kuondoka kwenyewe. Mwanamume aliyezoea kushika simu, pesa na njia za mkewe huona vyote vinamponyoka siku moja, na hapo ndipo hatari huwa kubwa kuliko siku zote. Ndiyo maana simlaumu mwanamke anayeniuliza, "Nitokeje?" Anaijua hatari hiyo kuliko mimi.

Wengine walizuiwa na ng'ombe. Wazazi walisema mahari imekwisha kuliwa na hawana cha kurudisha, basi binti akaambiwa avumilie. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi, iliamua kuwa desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Wazee wa ukoo walielewe hili: binti hana deni la mtu.

Sasa nije kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Sheria inampa mamlaka ya kusikiliza kesi hizi, na wapo wanaozisikiliza vizuri. Lakini nimekaa kwenye vikao vingi mno vilivyoisha kwa faini, soda, na "rudini mkajenge nyumba yenu." Mtu akiwa amerudia kosa, au akionekana ataleta madhara zaidi, mahakama ya LC inatakiwa kuipeleka kesi polisi na kwa hakimu. Kumpatanisha mtu na anayeahidi kumuua ni kumrudisha kwenye hatari, na hasira ninayoandika nayo hapa siifichi.

Ninaifahamu gharama yake kwa sababu nimeona upande wa pili, Mahakama Kuu, mwanamke akiwa amekwisha kuzikwa. Mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwamba mtu amekufa, kwamba kuuawa kwake hakukuwa halali, kwamba muuaji alikuwa na nia ovu, na kwamba mshtakiwa ndiye aliyefanya. Ndani ya chumba cha kulala shahidi wa macho ni nadra. Kesi hubebwa na ushahidi wa mazingira, yaani viashiria vinavyomwelekea mtu bila aliyeona kwa macho, na tangu kesi ya Simon Musoke ya mwaka 1958 ushahidi huo hautoshi kumtia mtu hatiani mpaka usiache maelezo mengine yanayoafikiana na mshtakiwa kuwa hana hatia.

Hapo ndipo maneno ya nyuma yanapopata uzito. Katika kesi ya Waihi, mwaka 1968, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kitisho cha kuua kilichotangulia hupokelewa daima kama ushahidi dhidi ya anayeshtakiwa kwa mauaji. Uzito wake ndio hutofautiana: kilitamkwa kwa uchungu, kwa hasira ya ghafla au kwa mzaha? Muda gani ulipita kabla ya kifo? Na Sheria ya Ushahidi inaruhusu maneno ya marehemu kuhusu chanzo cha kifo chake au mazingira yaliyokileta, hata kama alipoyasema hakuwa akitarajia kufa. Mahakama huyapima kwa tahadhari na hutafuta cha kuyaunga mkono. Jirani aliyesikia, muuguzi aliyeandika, polisi aliyefungua kitabu: hao ndio msaada. Mara nyingi tunachopata ni jirani anayesema, "Walikuwa wanagombana tu, kama mke na mume."

Kuna jambo dogo ambalo watu hawalifikirii. Kitisho kiandikwe kwa lugha ileile iliyotumika kukitamka. Nimeona maelezo ya polisi ambamo "nitakuchinja kama kuku" yalitafsiriwa kwa Kiingereza yakawa kwamba atamdhuru. Jaji atapimaje uchungu wa maneno ambayo hayakuandikwa? Unapotoa maelezo kwa Kiswahili au Kisamia, omba maneno yenyewe yaandikwe, usomewe, ndipo utie sahihi.

Upande wa utetezi, hoja ya kawaida ni kuchokozwa: kitendo au tusi la ghafla, na kuua kabla damu haijapoa. Ikikubaliwa, kosa hushuka na kuwa kuua bila kukusudia. Kwa maoni yangu kanuni hii inamfaa zaidi mwanamume aliyewaka ghafla kuliko mwanamke aliyeteswa miaka kumi, ambaye hofu yake hujaa polepole kama mtungi. Afueni fulani iko kwenye adhabu. Mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo, na tangu hapo jaji anaweza kusikiliza historia ya mshtakiwa kabla ya kupanga kifungo. Kigula mwenyewe, aliyetiwa hatiani kwa kifo cha mwenzi wake, alihukumiwa upya miaka 20 mwaka 2011 na kuachiliwa mwaka 2016. Mwongozo wa adhabu wa 2013 huanzia miaka 35 kwa mauaji ya kukusudia, kisha jaji hupanda au kushuka.

Yule dada alifungua daftari lake ukurasa wa mwisho. Kwa penseli, chini ya hesabu za mtoto, alikuwa ameandika tarehe tatu na maneno matatu ya mumewe, neno kwa neno. Tulikwenda naye kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia, halafu kwa hakimu kuomba amri ya ulinzi. Asiyeweza kufika ofisi yoyote anaweza kupiga 116, namba ya kuripoti ukatili, na hatari ikiwa mlangoni, 999 ya polisi. Daftari liko kwenye faili sasa, na mtoto amenunuliwa jipya.