Maana ya “HDMI 2.1” kwenye televisheni na risiva

HDMI 2.1 ni toleo la kiwango cha kuunganisha vifaa vya picha na sauti kwa waya mmoja, lililotolewa Novemba 2017. Wanunuzi wengi huisoma namba hiyo kwenye boksi la televisheni kama wanavyosoma inchi 55, wakidhani ni kipimo cha kitu kilichomo ndani. Kwa kweli 2.1 ni jina la kitabu cha masharti, na sehemu kubwa ya mambo mapya yaliyomo kitabuni ni ya hiari kwa mtengenezaji.

Toleo la 2.0 la mwaka 2013 lilipitisha data hadi gigabiti 18 kwa sekunde, na 2.1 likapandisha kikomo hadi 48. Picha moja ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani karibu milioni 8.3. Zikipita picha 60 kila sekunde kwa rangi za biti 8, ukijumlisha na nafasi za kutenganisha picha na biti za usimbaji, unapata gigabiti 17.8, ambazo zinaijaza njia ya zamani pomoni. Picha 120 zenye rangi za biti 10 zinahitaji takriban gigabiti 40, na hapo ndipo njia mpya inapohitajika hasa, zaidi kwa wachezaji wa gemu.

Mwishoni mwa 2021 ilibainika kwamba, kwa mujibu wa chombo kinachotoa leseni za HDMI, toleo la 2.0 halihesabiwi tena peke yake, kwa kuwa limemezwa na 2.1, na kwamba anayetaja 2.1 anapaswa kueleza ni uwezo gani hasa kifaa chake kinao. Matokeo yake ni kwamba televisheni isiyozidi picha 60 kwa sekunde na gigabiti 18 inaweza kuuzwa kwa jina la 2.1 bila kuvunja sharti lolote. Naona huku ni kumtupia mnunuzi mzigo ambao ulipaswa kubebwa na jina lenyewe.

Hata uwezo unapokuwepo, mara nyingi hauko kwenye kila tundu. Nimewahi kupiga magoti nyuma ya televisheni ya ndugu yangu, tochi ya simu mkononi, nikakuta matundu manne yanayofanana kabisa, ila mawili tu ndiyo yaliyoandikwa “4K 120Hz”, yaani picha 120 kwa sekunde, kwa herufi ndogo, na mojawapo ya hayo mawili ndilo lililokuwa pia na maandishi ya eARC, yaani tundu linalorudisha sauti kamili kwenye risiva (kifaa kinachopeleka picha kwenye televisheni na sauti kwenye spika) au saundibaa. Kwa kuwa saundibaa yake ilikwishalichukua, ndugu yangu, mwenye mashine mbili za gemu, alibakiwa na tundu moja. Zaidi ya hayo, katika televisheni nyingi tundu la namna hiyo halitoi uwezo wake wote mpaka uuwashe kwenye mipangilio.

Risiva ikikaa katikati, mambo yanazidi kuwa magumu, kwa sababu mawimbi hayawezi kuzidi uwezo wa kifaa kilicho dhaifu kuliko vyote katika mnyororo. Risiva kadhaa za 2020 zilizotangazwa kuwa za 2.1 zilionyesha kioo cheusi zilipopokea 4K ya picha 120 kutoka mashine ya gemu ya Xbox Series X, kwa kasoro ya chipu iliyokuwa ndani yake. Njia ya kuikwepa kasoro hiyo ni kuunganisha mashine ya gemu moja kwa moja na televisheni, kisha sauti irudi kwenye risiva kwa eARC.

Si kila upungufu wa namba ni hasara. Televisheni ya LG C9 ya 2019 ilipokea gigabiti 48, na CX ya 2020 ikashushwa hadi 40, lakini 40 zinatosha kwa paneli ya biti 10. Mashine ya gemu ya PS5 yenyewe hutoa 32 tu. Kwa hiyo maswali ya kumuuliza muuzaji ni haya: ni matundu mangapi yanayopokea 4K ya picha 120, tundu la eARC ni mojawapo, VRR (uwezo wa televisheni kufuata kasi ya picha inayobadilika ya mashine ya gemu) ipo, na risiva inapitisha gigabiti ngapi? Kwa waya, tafuta lebo ya “Ultra High Speed” yenye msimbo wa kuskani kwa simu, namba 2.1 iliyochapishwa kwenye pakiti yake haithibitishi kwamba umepimwa.