Mitihani Iliyopita Haitoshi Kuwa Kitabu cha Uhasibu

Nimeletewa tena mswada wa kitabu cha wanafunzi wa stashahada ya uhasibu ambao, ukiondoa jalada na dibaji, ni mitihani iliyopita na majibu yake. Waandaaji wanaamini kwamba mwanafunzi anayefeli amekosa maswali ya kutosha, na kwamba akirundikiwa mengine yaliyokwisha kujibiwa atafaulu. Imani hiyo inaharibu vitabu vyetu, na nimechoka kuijibu faraghani.

Nianze na lililo jepesi: majibu ya zamani hupitwa na wakati. Mtihani uliotungwa kabla IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya ukodishaji, haijaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019 humfundisha mwanafunzi kuacha nje ya mizania ya mpangaji mikataba ambayo leo mingi yake inapaswa kuwamo, na kuanzia mwaka 2027 IFRS 18 itachukua nafasi ya IAS 1, kiwango cha uwasilishaji wa taarifa za fedha. Anayekusanya bila kuchuja anachapisha makosa.

Kinachonisumbua zaidi ni uchaguzi wa tarakimu. Mtungaji wa mtihani anatafuta kujua nani amefaulu na nani hakufaulu, ilhali mwandishi wa kitabu cha kujifunzia anatakiwa kujua ni hatua ipi iliyompoteza mwanafunzi. Swali la uchakavu wa mwaka (sehemu ya bei ya mali inayohesabiwa kuwa gharama ya mwaka huo) kwa mashine ya shilingi 10,000,000, itakayotumika miaka mitano bila thamani ya masalio (kiasi kinachotarajiwa kupatikana kwa mali hiyo mwisho wa matumizi), iliyonunuliwa siku ya kwanza ya mwaka, lina jibu la 2,000,000, na aliyelipata huenda anajua uchakavu au anajua kugawanya tu. Sasa chukua mashine iliyonunuliwa tarehe 1 Aprili kwa shilingi 12,000,000, yenye thamani ya masalio ya 2,000,000, itakayotumika miaka mitano, uchakavu ukihesabiwa kwa miezi na kwa kiasi kilicho sawa, na mwaka wa hesabu ukiishia tarehe 31 Desemba. Uchakavu wa mwaka wa kwanza ni 1,500,000. Aliyesahau miezi ataandika 2,000,000, aliyesahau masalio ataandika 1,800,000, na aliyesahau yote mawili ataandika 2,400,000. Kila kosa lina tarakimu yake, kwa hiyo ukurasa wa majibu unaweza kumwambia msomaji aliyepata 1,800,000 arudi kusoma sehemu gani hasa, hata kama anasoma usiku peke yake bila mwalimu wa kumuuliza.

Kodi ya Ongezeko la Thamani nayo huenda hivyo hivyo. Mauzo ya 1,180,000, kodi ya asilimia 18 ikiwamo, yana kodi ya 180,000. Anayezidisha jumla yote kwa asilimia 18 atapata 212,400 na kujitambulisha mara moja. Kutunga swali la namna hii huchukua muda mrefu kuliko kunakili maswali kumi, na ndiyo sababu linakwepwa.

Urari, yaani orodha inayolinganisha jumla ya debiti na jumla ya krediti, nao unahitaji uangalifu, kwa kuwa vitabu vingi humwacha mwanafunzi akiamini kwamba pande mbili zikilingana kazi imekwisha. Gharama ya matengenezo ikidebitiwa kwenye akaunti ya mashine, urari utalingana vizuri kabisa huku faida ikiwa imepanda pasipo haki, kwa kuwa gharama imehesabiwa kama mali. Kila sura inayomalizika kwa urari unaolingana ingepaswa kuwa na angalau zoezi moja ambamo urari umelingana na vitabu ni vibovu.

Lipo hata hivyo jambo ambalo sijalipatia jibu linaloniridhisha. Ile miaka mitano niliyoiandika hapo juu ni makadirio. Kazini hakuna anayekukabidhi miaka hiyo. Mhasibu huikadiria kwa kutazama matumizi ya mashine, matengenezo yake na vipuri vinavyopatikana, na IAS 16, kiwango kinachohusu mali kama mitambo na majengo, inamtaka ayapitie upya makadirio hayo walau kila mwisho wa mwaka wa hesabu. Tukimpa mwanafunzi miaka kila mara, tunamfundisha hesabu na kumnyima uamuzi. Tukimpa maelezo ya mashine tu na kumtaka akadirie na kutetea makadirio yake, walimu wawili makini wanaweza kulipa jibu moja alama zinazotofautiana sana, na mwanafunzi ana haki ya kulalamika. Nimeandika miongozo kadhaa ya kusahihisha maswali hayo, na kila mmoja ama umebana mno hadi ukarudi kuwa hesabu, ama umelegea hadi ukakubali utetezi wowote. Kwa sasa ninayaweka katika mazoezi ya kujadiliwa darasani, bila alama.